Sifa za Wanaoainisha

Mtoto wa Musanda akimwona fisi kwa mara ya kwanza husema ni mbwa. Huku kwetu, katikati ya mashamba ya miwa, wanyama wakubwa walishatoweka. Watoto wengi huwaona kwenye ziara ya shule huko Kisumu, katika hifadhi ndogo ya Impala kando ya Ziwa Victoria, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992. Simlaumu mtoto, maana pua na mwendo vinafanana na vya mbwa. Lakini waliochunguza fuvu, hasa mfupa unaozunguka sikio la kati, na baadaye DNA, walimweka fisi upande wa paka, jirani ya nguchiro na fungo.

Naiheshimu sana kazi hii ya kuainisha, kwa sababu haikubali kudanganywa na sura. Mtazame nzohe: kwato zake ni ndefu, zimetanuka na kuachana, zimeumbwa kukanyaga tope la matete bila kuzama. Kwa kwato hizo ungemtenga na wanyama wote. Mwainishaji akatazama pia milia myeupe na pembe zilizojisokota, akamrudisha kwa pongo na bongo katika jenasi moja, Tragelaphus. Swala pala, ambaye kwa macho yangu ndiye swala hasa, akabaki peke yake katika jenasi ya Aepyceros.

Bustani ya wanyama ina mipango mingine pia, mbali na nasaba. Nairobi Safari Walk imewapanga wanyama kwa makazi: ardhioevu, savana na msitu. Kwa mpango huo bongo na nzohe hutengana ijapokuwa ni ndugu, na mgeni hufunzwa jambo ambalo nasaba pekee haisemi.

Kisha kuna daftari, ambalo mgeni halioni. Bustani nyingi duniani huandika idadi kwa namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta: madume, majike, na wasiojulikana jinsia. Kundi la 2.3.1 lina wanyama sita, na mmoja wao bado hajaamuliwa. Naipenda hiyo namba ya tatu kuliko zote. Ndege wengi, dume na jike hufanana kabisa, na mtunzaji mwaminifu hakisii. Husubiri kipimo cha damu au cha unyoya.

Wala kazi haiishi. Mwaka 1758 mwanasayansi Linnaeus alimwandika twiga katika jenasi ya kulungu wa Ulaya, na hata baada ya kutolewa humo, kwa muda mrefu twiga wote walihesabiwa spishi moja. Mwaka 2025 wataalamu wa shirika la uhifadhi la IUCN walikubali spishi nne, na tatu kati ya hizo zinaishi Kenya. Hapo si kibao cha jina tu kinachobadilika. Bustani iliyowaweka twiga wa asili mbalimbali katika uwanja mmoja inabidi ikague upya kumbukumbu za kila mmoja, alikotoka na aliyemzaa, kabla ya kuamua nani aachwe azae na nani.