Mkalimani wa Filamu ya Injili

Ukalimani wa filamu za Injili ni ufundi wa kusimama kando ya picha inayokwenda na kuisemea kwa lugha ya waliokusanyika. Uganda nzima inamfahamu ndugu wa mjini wa mkalimani huyu, vijei wa kibanda cha video, anayezigeuza filamu za kigeni kuwa Kiganda na kuzitia chumvi apendavyo. Mkalimani wa kanisani hana ruhusa ya chumvi. Maneno si yake, lakini ni juu yake yafike.

Afrika Mashariki ilianza na mashine. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi uliosimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni ulitengeneza filamu 35, na maelezo yake yakawekwa kwenye santuri. Lori lilizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Santuri ilisema, haikuweza kuulizwa. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalimpa mtu kipaza sauti, na hapo ndipo ufundi wenyewe ulipozaliwa.

Filamu iliyoutumia ufundi huo kuliko zote ni Jesus ya mwaka 1979, iliyopigwa Israel, Brian Deacon akiigiza nafasi ya Yesu, maneno yake karibu yote yakitoka Injili ya Luka. Imetiwa sauti kwa lugha zaidi ya 1,000. Hata hivyo, penye mchanganyiko wa watu lugha moja haitoshi. Oraba, wilayani Koboko nchini Uganda, ni mlango wa kwenda Kaya, Sudan Kusini. Wakakwa wenyewe wamegawanywa na mipaka ya nchi tatu, na sokoni kwao Kikakwa hukutana na Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili. Nakala yoyote itakayochezwa hapo itamwacha mtu nje.

Habari ya Zakayo inatosha kuonyesha kazi ya mkalimani. Luka peke yake ndiye anayeisimulia, na katika filamu inapita upesi: mtoza ushuru mfupi, mti wa mkuyu, mwaliko, ahadi. Mpakani, ambako malori hungoja forodha na mfanyabiashara mdogo hujua uzito wa ushuru, haifai ipite hivyo. Mkalimani hodari humwashiria mwenye projekta asimamishe, kisha huuliza. Ni lipi lililotangulia, Zakayo kutubu au Yesu kujialika nyumbani kwake? Wazee hubishana, na fundisho zima la neema huwa limefunguliwa bila neno hilo kutajwa. Kisha huja swali gumu zaidi: aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne vipi, kama Zakayo alivyoahidi, ikiwa amekwisha kuvuka mpaka? Tangu vita vya Sudan Kusini vya Julai 2016 vilipowasukuma maelfu kuingia eneo hili la West Nile, miongoni mwa wanaolisikia swali hilo wamo walioporwa njiani. Kitabu cha theolojia hakina budi kulijibu kwa jumla. Mkalimani hulijibu mbele ya wenye hasara.

Mchoraji Elimo Njau alipochora maisha ya Kristo ukutani mwa kanisa la Murang'a, Kenya, katika miaka ya 1950, akayaweka katika mandhari ya Wagikuyu, alikuwa na faida moja: ukuta humngoja mtazamaji hata mwaka mzima. Filamu haimngoji mtu. Mpaka aishike mtu.

Sasa filamu hiyohiyo ya Jesus imo katika simu, sauti safi, na kila mmoja huitazama peke yake hadi mwisho bila kukatizwa. Makanisa yamenunua spika kubwa na skrini. Kijana wa mitambo ana kiti chake, mkalimani hakuwekewa. Mara nyingi filamu huwashwa ili mwalimu apate kupumzika, uzembe ambao makatekista wa zamani wasingeuvumilia. Sauti za studio zimehifadhiwa kwa uangalifu. Zile za gizani, zilizobadilika kila jioni kufuata watu waliokuwapo, hazikuhifadhiwa, na wanaozikumbuka wanazeeka bila kuwa na mwanafunzi.