Njaa katika Mchezo wa Kinjeketile

Mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, uliotolewa mwaka 1969, wafunguka kwa njaa: wanawake wawili wanazungumza juu ya ukosefu wa chakula. Wafungwa kwa neno: mganga, akiwa kifungoni, akataa kuyakana maji. Kati ya hayo mawili njaa imepotea, nami naona hiyo ndiyo ila kubwa ya kazi hii iliyo njema.

Mtungaji ametuonya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Yule alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga. Huyu ameongezewa maisha hata siku ya kushindwa. Aliyeweza kumvusha hapo angaliweza pia kutuonyesha mashamba na ghala zilizotiwa moto na majeshi ya Wajerumani, na njaa iliyoua watu wengi kuliko bunduki, Ungoni na kwingineko.

Msomaji wa Maguu hatakosa kuuliza: wakalima nini baadaye? Wazee wake, waliosongwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, yasimuliwa kuwa ndipo walipoanza ngoro. Nyasi hukatwa zikapangwa miraba, udongo wa katikati ukachimbwa kuzifunika, maharagwe yakapandwa juu ya matuta, na mashimo yakayazuia maji ya mvua yasichukue udongo. (Maji hayo nayo yana habari yake.) Kinjeketile na Kitunda wamepewa onyesho la mwisho, wanawake wale wawili wa mwanzo ndio waliolistahili.