Mtani na Msambazaji: Fedheha ya Mtandao Mbele ya Sanaa za Kusini

Kila jamii ina namna yake ya kumcheka mtu. Kicheko ni sehemu ya utamaduni sawasawa na ngoma, methali na unyago, nacho chastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki shairi au kinyago. Hapa Mtwara, na kote katika uwanda wa Wamakonde hadi mlango wa mto Ruvuma, kicheko kimekuwa na sanaa zake tangu zamani: utani, mapiko na nyimbo za ngoma. Katika miaka yetu kimezuka kicheko kingine, cha simu na intaneti, ambacho humpa mtu umashuhuri wa siku moja bila kumwomba ridhaa, kisha humwacha aishi nao umri wake wote. Madhumuni ya insha hii ni kukipima kicheko kipya kwa vipimo vya kile cha kale, na kuuliza: aliyechekwa na maelfu ya watu asiowajua huishije baadaye, nasi twadaiwa nini kwake?

Tuanze na utani. Msomaji anajua kwamba mtani aweza kumsema mtani wake hadharani, kumnyang'anya kofia, hata kumfanyia mzaha matangani, wala asikasirikiwe. Mgeni akiona hayo hudhani ni utovu wa adabu. Lakini mtani huyo huyo, kwa desturi, ana kazi zake katika mazishi ya mtani wake. Ndiye awezaye kusimama kati ya ndugu waliogombana na kuwaambia ukweli ambao jamaa hawathubutu kuusema. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, uliokuzwa na safari za misafara ya kwenda pwani, ulimpa msafiri mahali pa kufikia katika nchi ya watu wengine. Haki ya kucheka, basi, haikutolewa bure. Ilikwenda pamoja na deni la kumsitiri yule anayechekwa.

Sanaa ya pili ni mapiko. Mchongaji wa Kimakonde hukitoboa kipande cha mti mwepesi kikawa kofia nzima yenye uso, pengine na nywele halisi, na mchezaji hukivaa kichwani huku mwili wake umefunikwa kwa nguo. Ndani ya nyuso hizo wamepita wazee, wanawake wenye ndonya, wafanyabiashara wa Kihindi na wakubwa wa serikali ya kikoloni, kila mmoja na mwendo wake wa kuchekesha. Wanawake na watoto hawakupaswa kumjua aliye ndani ya kinyago. Hata hivyo, wanaume waliokwisha kupita jandoni walimjua. Alijificha mbele ya hadhira, lakini hakujificha mbele ya wakubwa wake. Akivuka mpaka, walijua mlango wa kubisha.

Kutokana na sanaa hizi mbili twaweza kupata vipimo vitatu vya kicheko chenye adabu. Cha kwanza ni deni: anayecheka awe na wajibu kwa anayechekwa. Cha pili ni uso: anayecheka ajulikane na mtu fulani mwenye uwezo wa kumwajibisha, na anayechekwa apate nafasi ya kujibu. Cha tatu ni mwisho: ngoma ivunjike, watu warudi majumbani, na kesho yake yule aliyechezwa aende shambani kama mtu mwingine yeyote.

Haitupasi, hata hivyo, kuipamba mila kupita kiasi. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilishindana kwa nyimbo zilizochoma, na mipasho ya taarabu imevunja ujirani mwingi. Wahenga walikwisha kuonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwanamke aliyetiwa katika wimbo wa ngoma angeweza kuusikia kisimani kwa miaka. Lakini hata huyo alikuwa na njia moja ambayo wa leo hana. Angeweza kuhamia kijiji cha pili, au kuvuka Ruvuma, akaanza upya mahali ambapo wimbo haukufika. Tofauti kubwa ya kicheko cha mtandao ni hiyo: kimekifuta kijiji cha pili.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni geni kabisa. Historia ya kusini yakataa. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka makumbusho ya Leipzig, alishuka Lindi akapanda hadi Masasi na Newala, akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na ndani yake nyuso za watu wetu, zenye nembo na ndonya, zikafika mezani pa wasomaji wa Ulaya. Ndonya nyumbani ilikuwa pambo na dalili ya heshima. Ilipofika huko ikawa ajabu ya kutazamwa. Picha ilikwenda mahali ambapo mwenye uso hangeweza kwenda kueleza maana yake. Hapo ndipo kilipoanza kwetu kile kinachotendeka leo kwa upesi zaidi, maana hata sasa picha za bibi zetu huzungushwa katika simu ili watu wacheke, na wachekaji ni Waafrika wenzao.

Tutazame mifano miwili ya karne hii. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, mtu mmoja wa Nairobi alipigwa picha akiwa katika foleni ya kupiga kura, akila githeri kutoka katika mfuko wa plastiki. Hakufanya kosa lolote. Alikuwa na njaa na alitaka kupiga kura. Kwa muda mfupi picha yake ilibandikwa katika mizaha isiyo na idadi, na jina la chakula likachukua nafasi ya jina lake. Kicheko hicho hakikuwa cha chuki. Alipewa zawadi, na mwezi Desemba mwaka huo huo akapata nishani ya taifa. Lakini tukimpima kwa vipimo vyetu, hakuna mtani hata mmoja aliyedaiwa kitu kwake. Umati ulipochoka ulikwenda kucheka kwingine, naye akabaki na jina ambalo hakulichagua, huku waandishi wa habari wakiendelea kumfuata katika shida zake.

Mfano wa pili watoka Kanada, nao wawahusu wanafunzi moja kwa moja. Mwaka 2002 kijana wa sekondari wa mji wa Trois-Rivières, Ghyslain Raza, alijipiga picha za video shuleni akizungusha fimbo kama shujaa wa sinema. Mwaka 2003 wanafunzi wenzake waliiweka video hiyo katika intaneti, ikatazamwa na mamilioni. Alidhihakiwa hadi akaacha shule ile, na wapo waliomwandikia kwamba ni heri ajiue. Wazazi wake walifungua kesi dhidi ya familia za wanafunzi hao, ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2006. Raza alisoma sheria, na alinyamaza kwa miaka mingi hadi mwaka 2013 alipokubali kuzungumza na jarida moja la kwao. Mwaka 2022 alishiriki katika filamu ya kumbukumbu juu ya mkasa wake. Tukumbuke hesabu hiyo: miaka kumi kutoka kicheko hadi neno la kwanza la aliyechekwa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Katika mkasa huo twaona jambo ambalo wahakiki wa fedheha husahau. Aliyeaibishwa haponi kwa kusahauliwa tu, maana mtandao hausahau. Hupona anapopata tena uwezo wa kujisimulia. Jambo hili kusini twalijua kwa mfano wa jina. Wamachinga ni watu wa mkoa wa Lindi. Vijana wa kusini walipokwenda Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi, jina hilo likageuzwa kuwa jina la kila mchuuzi wa barabarani, mara nyingi kwa dharau. Leo wachuuzi wenyewe hulitumia wanapodai haki zao, na serikali hulitamka katika mipango yake. Jina halikufutika, wenye kuitwa ndio waliobadili maana yake, nao walifanya hivyo kwa sababu walikuwa wengi, wakasimama pamoja. Mwanafunzi anayedhihakiwa yuko peke yake. Huo ndio ugumu wake.

Nchi yetu imetunga sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, ilikataza kumpelekea mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia msononeko, na adhabu yake ikawa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni sheria ya lazima. Lakini maneno yake yamtazama zaidi anayempelekea mwenziwe ujumbe, ilhali fedheha kubwa hupita pembeni ya mwenyewe, ikapelekwa kwa watu elfu kabla yeye hajaiona. Na kati ya elfu hao, kila mmoja hujiona hana hatia, kwa kuwa yeye "amesambaza tu".

Sisi wa Mtwara tuna bandari, na bandari yaweza kutufundisha jambo. Gunia la korosho halipakiwi melini bila hati inayoonyesha limetoka kwa nani na linakwenda kwa nani. Likiharibika, yupo wa kuulizwa. Uso wa binadamu ni mzigo wa thamani kuliko korosho, nao husafirishwa kila siku bila hati. Msambazaji ni mchukuzi, na mchukuzi ana dhamana ya anachokibeba.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu haiishi katika kukataza simu shuleni, maana kicheko hungoja likizo. Mwalimu na awafundishe wanafunzi kuhakiki mzaha kama wanavyohakiki shairi: nani anacheka, anadaiwa nini, na kicheko hiki kitakwisha lini? Malumbano ya ushairi yafanywe darasani kwa kanuni za utani, ili kijana azoee kumkejeli mwenziwe anayemtazama usoni, na kesho kumwazima kalamu. Na arudipo shuleni yule aliyekwisha kuaibishwa, asilazimishwe kueleza yaliyompata, wala asiitwe kwa jina la mtandao. Aitwe jina alilopewa na wazazi wake, apewe zamu yake ya kufagia na zamu yake ya kujibu swali ubaoni. Wenzake wamfanyie kazi ambayo watani huwafanyia wafiwa: wakae naye hadi matanga yaishe.

Utamaduni wa taifa haukuhifadhiwa kwa vinyago vilivyomo katika makumbusho peke yake. Umo pia katika kujua wakati wa kuvunja ngoma. Umati wa mtandao haujui wakati huo, wala hauna mkubwa wa kuuambia. Kwa hiyo kila mwenye simu mkononi awe mkubwa wa ngoma yake mwenyewe: kicheko kikimfikia, na kiishie kwake.