Pumzi ya Filimbi za Mbao

Mtazame fundi wa vinanda vya mabomba anapoipa filimbi ya mbao sauti yake ya kwanza. Anaipuliza, anatega sikio, anachukua kisu na kuupanua mdomo wa filimbi kwa unene wa unywele, kisha anapuliza tena. Akizidisha, sauti hufifia ikabaki pumzi tupu. Filimbi ikikohoa kabla ya kulia, huchanja vijialama kwenye njia ya upepo hadi kikohozi kipungue, lakini hakimalizi chote, maana hicho ndicho kinachomjulisha mpigaji kwamba kidole chake kimefika. Kinanda kidogo cha mazoezi ya nyumbani, chenye safu mbili za vibonyezo 56 na pedali 30, kila safu na filimbi zake, humdai fundi subira hiyo mara 142.

Mimi napenda hasa filimbi iliyozibwa juu. Kizibo kilichovikwa ngozi huishusha sauti oktava nzima, hivyo besi ambayo ingetaka filimbi ya takriban mita 2.4 hutoshea katika mita 1.2, chini ya dari ya chumba cha kawaida. Sauti yake ni nyororo. Haimchoshi anayerudia mstari uleule jioni nzima, wala haimfichii kosa.

Asili ya kinanda cha mabomba ni Aleksandria ya Misri, mikononi mwa mvumbuzi Ctesibius, karne ya 3 kabla ya Kristo. Zama za mtunzi Bach, kupiga kinanda cha kanisani kulihitaji mtu wa kuvuta mivukuto, ndiyo maana wapigaji walifanyia mazoezi nyumbani kwa vinanda vya nyuzi vyenye pedali. Baadaye feni ya umeme ikampa mpigaji upepo wake mwenyewe. Neema hiyo ilithaminiwa kwa muda mfupi tu: mwaka 1935 mvumbuzi Hammond akaleta kinanda cha umeme, na leo spika zinaiga sauti za makanisa makuu. Ndani ya vyombo hivyo hamna kilango cha upepo kinachokigomea kidole kidogo kabla ya kukubali. Kidole kilicholelewa humo hujua kuwasha na kuzima tu.

Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa vinanda wa Ujerumani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo, makanisa yanapofungwa Ulaya, vinanda hutolewa bure na vingine huvunjwa, na filimbi zilizosikilizwa moja moja zikatupwa. Mwenye nafasi sebuleni na akiokoe kimoja.