Skrubu Isiyorudi: Uchambuzi wa Kelele za Dashibodi katika Magari ya Karavia

Kelele ya dashibodi ni kasoro ya ufungaji kabla haijawa kasoro ya sauti, na jambo hilo hujitokeza waziwazi katika magari yanayotumika Karavia, mtaa wa Lubumbashi uliopata sifa kwa hoteli yake kubwa iliyo jirani na ziwa na uwanja wa gofu, ambako gari lile lile hutoka kwenye lami na kuingia kwenye njia za udongo mara kadhaa kwa siku. Dashibodi, ambayo mafundi wa mji huo kwa kufuata Kifaransa huiita tablo, huonekana kama kipande kimoja, ingawa kwa hakika ni vipande vingi vya plastiki vilivyopachikwa juu ya boriti ya chuma inayopita nyuma yake kutoka nguzo ya mlango mmoja hadi nguzo ya mlango wa pili, nayo boriti hiyo hubeba pia usukani, kisanduku cha feni na mabano ya redio. Kila kipande hushikiliwa ama na skrubu ama na klipu, yaani kibanio kinachoingia kwenye tundu kwa kusukumwa bila kuzungushwa, na kelele huanza pale ambapo kimojawapo cha vishikizo hivyo kimelegea, kimevunjika au hakikurudishwa mahali pake.

Kelele zenyewe ni za namna mbili, na mwenye gari anayetaka kuzitengeneza uani kwake hana budi kuzitofautisha kwa sikio kabla ya kushika bisibisi. Namna ya kwanza ni mlio wa kugonga, ule wa tata-tata, unaotokea vipande viwili vyenye nafasi ndogo kati yao vinapoachana na kukutana tena mara nyingi kwa sekunde moja. Namna ya pili ni mlio wa kusugua, mwembamba na wa kulialia kama bawaba kavu ya mlango, unaotokea vipande viwili vilivyobanana vinaponata, vikateleza ghafla, kisha vikanata tena, kwa sababu nguvu inayotakiwa kuanzisha mwendo kati ya nyuso mbili ni kubwa kuliko ile inayotakiwa kuuendeleza. Mlio wa kugonga huondoka kwa kukaza au kwa kujaza nafasi. Mlio wa kusugua, kinyume chake, huweza kuzidi ukikazwa, nao hutaka nyuso zitenganishwe au zilainishwe. Anayekosea hapa hufanya kazi ya siku nzima na kuiharibu.

Kinachofanya kelele iwe ngumu kufuatiliwa ni joto. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200, na katika miezi ya Juni na Julai alfajiri yake huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ilhali uso wa dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huweza kupita nyuzi 70. Polipropilini, plastiki inayotumika sana katika sehemu hiyo, hutanuka kwa joto mara kadhaa zaidi ya chuma: kipande cha mita moja kisichochanganywa na kitu kikipashwa nyuzi 60 huweza kurefuka kwa milimita 6 hivi, na boriti ya chuma ya urefu huo hurefuka kwa milimita 0.7 tu. Viwanda hupunguza tofauti hiyo kwa kuchanganya plastiki na unga wa talki, na kwa kutoboa baadhi ya matundu yakawa marefu kidogo ili skrubu iruhusu mwendo, lakini mwendo wenyewe haukomi. Ndiyo maana kelele iliyomkera dereva alfajiri hunyamaza saa sita mchana, na fundi anayeletewa gari saa hiyo husema, bila kudanganya, kwamba hasikii kitu.

Hata hivyo joto hufichua tu udhaifu uliokwisha kuwapo, na udhaifu huo katika Haut-Katanga, mkoa wa Kongo ambamo Lubumbashi imo, una historia yake. Sehemu kubwa ya magari madogo ya Lubumbashi ni ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, yenye usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia, na mengi huteremshwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Nakonde, yakaikata Zambia hadi Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000. Gari likifika, kinachofunguliwa mapema ni redio, kwa kuwa Japani hutangaza FM kuanzia megahezi 76 na redio nyingi za magari yake hukomea 90, wakati stesheni za Kongo, kama za nchi nyingi, hutafutwa kati ya 87.5 na 108. Mwenye gari basi ama hubadilisha redio nzima ama hufungiwa kipanuzi cha masafa, yaani kijisanduku kinachoungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha mawimbi ya juu yaingie katika eneo ambalo redio ya Kijapani inaweza kuyapokea. Kwa vyovyote vile paneli ya katikati hung'olewa, mara nyingi kwa haraka na kwa bisibisi bapa, klipu mbili zikavunjika, na skrubu nne za mabano zikarudi mbili. Kijisanduku chenyewe huachwa kikining'inia kwa nyaya zake, kikigonga chuma kila gari linapokanyaga shimo. Yapo pia magari yaliyohamishiwa usukani upande wa kushoto katika Falme za Kiarabu kabla ya kuuzwa Afrika, na katika hayo dashibodi nzima imekwisha kutolewa na nyingine kuwekwa. Anayechomeka vipande vya sponji katika kila mwanya bila kuuliza ni skrubu ipi haipo huwa ametia pamba masikioni, basi.

Kutafuta chanzo huchukua muda mrefu kuliko kutengeneza, na inafaa iwe hivyo. Sikio hudanganyika ndani ya gari, maana boriti ya chuma husafirisha mtikisiko kutoka upande mmoja hadi wa pili na kioo cha mbele huurudisha mlio, hata kitu kinachogonga nyuma ya redio kikasikika kama kiko kwenye kona ya kioo. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama kelele hufuata barabara au hufuata injini. Injini ya silinda nne ya kawaida huwaka mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 750 kwa dakika, gari likiwa limesimama, hulitikisa mara 25 kwa sekunde, na ikipandishwa hadi mizunguko 1,500 hulitikisa mara 50. Kipande kilicholegea kina kiwango chake cha mtikisiko kinachokiamsha, nacho hulia kwa nguvu pale tu injini inapofikia kiwango hicho. Ikiwa kelele husikika gari likiwa limesimama, mtu mmoja hukanyaga mafuta polepole na mwingine hubonyeza paneli moja moja kwa kiganja mpaka mlio ukatike. Zipo pia programu za simu zinazotoa sauti nzito ya kiwango kinachochaguliwa, ambazo zikiunganishwa na spika za gari, injini ikiwa imezimwa, na sauti ikapandishwa taratibu kutoka mitikisiko 40 hadi 200 kwa sekunde, huamsha kipande kilicholegea bila gari kutoka uani. Tahadhari ni kwamba spika nyingi ziko milangoni, na mlango nao una kelele zake. Kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa kwenye viungo vya paneli, huonyesha mahali kwa usahihi unaoshangaza kwa kifaa cha bei hiyo.

Kabla ya kufungua chochote, waya wa hasi hutolewa kwenye betri. Nyuma ya dashibodi, upande wa abiria, kuna mto wa hewa unaojazwa kwa kulipuka wakati wa ajali, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kukatwa, ndiyo sababu maelekezo ya Toyota hutaka kusubiri angalau sekunde 90. Viunganishi vyake, ambavyo kwa kawaida vina rangi ya njano, haviguswi na mtu asiyefunzwa, wala hakuna utepe au sponji inayobandikwa juu ya mstari ambao kifuniko cha mto huo kitapasukia. Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa magari ya zamani kutoka Japani, kwa kuwa mengi yalifungwa mito ya kampuni ya Takata, iliyofilisika mwaka 2017 baada ya vijazio vyake vya gesi kubainika kuharibika kwa joto na unyevu na kuweza kurusha vipande vya chuma.

Saa ya kufungua nayo huchaguliwa. Plastiki baridi huvunjika, na klipu inayong'olewa asubuhi ya Julai hukatika shingo mahali ambapo saa saba mchana, gari likiwa limepata jua, ingejipinda na kutoka. Badala ya bisibisi hutumika kifaa laini kuliko paneli, na kijiti cha mwanzi au cha mti kilichochongwa bapa mfano wa ncha ya mwiko wa bukari, yaani ugali, hufaa kabisa, kikiingizwa karibu na klipu yenyewe na si katikati ya paneli. Kila hatua hupigwa picha kwa simu, na skrubu hupangwa juu ya kipande cha katoni kilichochorwa umbo la dashibodi, kila moja ikichomekwa mahali pake, maana urefu wao hutofautiana na ndefu ikiingizwa pa fupi huweza kutoboa kisichofaa kutobolewa.

Kisanduku cha kuwekea nyaraka mbele ya abiria ndicho mahali pazuri pa kuanzia. Katika Toyota nyingi ndogo hutoka bila skrubu hata moja: hufunguliwa, kamba ndogo ya pembeni inayopunguza kasi ya kushuka hutolewa kwenye ndoano yake, kuta mbili hubanwa kwa ndani, nacho huanguka mkononi. Vipira vidogo ambavyo kifuniko huegemea mara nyingi vimekauka au havipo, na kipira kimoja kinachokosekana kinatosha kufanya kifuniko kizima kigonge. Nyuma yake huonekana feni ya hewa, ambayo inastahili kutazamwa kabla ya kulaumu plastiki: miti ya jakaranda ya Lubumbashi humwaga maua yake karibu na mwanzo wa mvua, na ua au jani likivutwa chini ya kioo cha mbele hadi kwenye feni hutoa tik-tik inayoongezeka kasi kadiri swichi inavyopandishwa. Kelele inayofuata swichi ya feni haina uhusiano na barabara wala injini, nayo huisha kwa kuchomoa kichujio na kutoa uchafu kwa vidole.

Kwenye redio kazi ni ya kurudisha. Kipanuzi cha masafa hufungwa kwa utepe wa kitambaa na kukazwa kwenye fungu la nyaya, skrubu za mabano hukamilishwa, na klipu zilizokatika hubadilishwa kwa nyingine za kipimo hicho hicho. Skrubu inayoingia moja kwa moja kwenye plastiki hudai ustahimilivu: kwanza huzungushwa kinyume, kwa vidole, mpaka isikike ikidondoka kidogo katika njia yake ya zamani, ndipo hukazwa, na hukoma mara mkono unapohisi upinzani, kwa sababu robo ya mzunguko zaidi hukata njia mpya na tundu likabaki halishiki. Tundu lililokwisha kupanuka hutiwa kijipande chembamba cha plastiki pembeni, skrubu ikapata pa kung'ata tena.

Baada ya vishikizo kukamilika ndipo vitambaa hupata nafasi. Feleti, yaani kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa, hubandikwa pale nyuso mbili zinapogusana, kwa unene ambao paneli huingia bila kulazimishwa. Raba ya mpira wa ndani wa baiskeli, ambayo haikosekani katika ua wa fundi, hufaa kuziba nafasi ya mlio wa kugonga, lakini kwenye nyuso zinazoteleza hunata na kuzaa mlio wake yenyewe. Nyuso zenye mlio wa kusugua hupakwa grisi ya silikoni kidogo sana. Grisi ya magurudumu na mafuta ya injini huweza kupasua aina fulani za plastiki baada ya miezi, na mafuta ya kupikia hukusanya vumbi jekundu la kiangazi yakawa msasa.

Gari lililotengenezwa mchana huwa limefungwa plastiki ikiwa imetanuka, kwa hiyo jaribio la kuaminika hufanywa alfajiri inayofuata, likiwa limelala nje, kwenye njia ile ile ya udongo na kwa mwendo ule ule. Ikiwa dashibodi imenyamaza na bado kuna mlio wa kugonga unaosikika kutoka miguuni kila gurudumu moja linapoingia shimoni, uchunguzi hushuka chini ya gari, kwenye viungo vya mhimili wa kuzuia kuyumba, ambavyo mlio wake hupanda kupitia bodi na kwa siku nyingi huenda ulidhaniwa kuwa wa plastiki.