Santuri Si Mwanzo wa Mwanamuziki: Maoni Juu ya Uhakiki wa Jazi, Tukiutazama Kutoka Songea

Aghalabu habari za mwanamuziki wa jazi huandikwa tangu siku alipoingia chumba cha kurekodia. Mhakiki huuliza: santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka gani, nani aliitoa, ina nyimbo gani? Maswali hayo ni ya haki, wala hayadharauliki. Lakini yakiwa ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho, huzaa kosa ambalo mtu aliyeko Songea huliona upesi kuliko aliyeko Dar es Salaam: mahali pasipotoa santuri huhesabiwa kuwa mahali pasipokuwa na wanamuziki. Madhumuni ya makala hii ni kulipima kosa hilo.

Kwanza yatupasa tuliangalie neno lenyewe. Kwa Wamarekani, jazi ni muziki ambao mpigaji hubuni papo hapo juu ya msingi wa wimbo. Kwetu sisi neno hili lilipata maana nyingine. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959, na Nuta Jazz mwaka 1964. Katika majina haya yote, jazi ni bendi ya dansi tu, yaani kundi lenye magitaa, ngoma na pembe za kupuliza, lipigalo rumba na mitindo mingine ya kuchezwa ukumbini. Basi mhakiki asemaye kwamba bendi hizi hazikupiga jazi ya kweli amelipima neno la Kiswahili kwa kipimo cha lugha nyingine. Neno likishahamia, maana yake huamuliwa na wenyeji wake wapya.

Pili, yafaa tutafute chanzo kabla ya gitaa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, ameonyesha jinsi ngoma hiyo ilivyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga bendi za askari na kuzigeuza kuwa mashindano ya vyama, kama vile Marini na Arinoti. Ngoma hiyo ilisafiri na askari, makarani na vibarua hata ikafika mbali bara. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao zamani za wakoloni ulikuwa katika wilaya ya Songea, jamaa yake ni mganda: wanaume katika mistari, mavazi nadhifu meupe, vyeo vya kijeshi, ngoma kubwa, na vibuyu vinavyotoa sauti kama ya tarumbeta. Huko kuna yote yatakiwayo na bendi: mazoezi, nidhamu, kiongozi, mavazi ya pamoja, na mshindani wa kijiji cha pili. Kilichokosekana ni chombo cha kunasa sauti tu.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Katika mji wa New Orleans, Buddy Bolden alisifiwa na wenziwe kuwa ndiye mwanzilishi wa jazi. Mwaka 1907 alifungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa humo hata akafa mwaka 1931. Hakuna santuri yake hata moja iliyobaki. Santuri ya kwanza ya jazi ilitoka mwaka 1917, nayo ilipigwa na Original Dixieland Jass Band, kundi la wazungu. King Oliver na kijana wake Louis Armstrong hawakurekodi mpaka mwaka 1923. Huyo Armstrong alipata mafunzo yake ya kwanza ya bendi akiwa mtoto katika nyumba ya kurudia watoto watundu, si katika studio. Mhakiki angeanza na santuri, angewatoa baba na kuwaweka wageni mahali pao.

Sasa turudi nyumbani tuangalie njia mbili za Morogoro. Salum Abdallah alizaliwa huko mwaka 1928, akasikia santuri za Kikuba zilizotolewa na His Master's Voice katika mfululizo wa GV. Yasimuliwa kuwa alitoroka nyumbani akitaka kwenda Kuba yenyewe, akaishia Mombasa. Alirudi, akaunda kundi lililokuja kujulikana kama Cuban Marimba, na nyimbo zake zikatoka katika santuri za Mzuri, za Mombasa. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akafika Osaka pamoja na bendi hiyo kwa maonyesho ya mwaka 1970, akaunda Super Volcano mwaka 1973, na santuri yake Shida ikauzwa sana Afrika Mashariki. Naye aliuawa na ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979.

Twaona kwamba wote wawili walihitaji kipawa. Lakini pia wote wawili walihitaji Kenya. Kabla yao, Siti binti Saad alilazimika kuvuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ili sauti yake inaswe. Njia ya santuri ilikuwa safari kwanza, na muziki baadaye. Ndiyo maana ramani ya majina mashuhuri yafanana na ramani ya reli ya kati: Dar es Salaam, Morogoro, Tabora. Na aliyezaliwa mbali alihama na jina la kwao: Western Jazz iliundwa Dar es Salaam na Iddi Nhende, ikachukua jina la Jimbo la Magharibi alikotoka, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande kadhalika ilikuwa ya Dar es Salaam kwa makazi na ya Kilwa kwa jina.

Songea haikuwa na reli, na barabara ya lami kutoka Makambako ilifika katika miaka ya 1980. Tangu zamani za mkoloni vijana wake wengi walichukuliwa manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Hapana shaka mikono hiyo iliyokata mkonge ilikwenda na miguu iliyojua mganda na lizombe. Katika kambi za mkonge walikutana watu wa makabila mengi, na lugha yao ya kuelewana, katika kazi na katika dansi, ilikuwa Kiswahili. Mhakiki atafutaye mchango wa Songea katika orodha ya santuri atatoka mikono mitupu. Akiutafuta kwa wachezaji, kwa wapigaji wasioandikwa majina, na kwa hadhira iliyolipa kiingilio, huenda akapata kitu.

Tena santuri haichagui watu tu. Huchagua umbo la wimbo. Sahani ya mizunguko 78 ilichukua dakika tatu hivi kwa kila upande. Ukumbini wimbo huendelea maadamu wachezaji wangali na nguvu, na mwimbaji huongeza beti, huwataja waliohudhuria, hujibu kejeli ya bendi jirani. Katika sahani hayo yote hukatwa. Tukifanya uhakiki wa maneno ya wimbo kwa santuri peke yake, twahakiki muhtasari tukidhani ni kitabu kizima.

Pengine msomaji atasema: pasipo sauti iliyonaswa, mhakiki atashika nini? Swali hili si jipya kwetu tulio wanafunzi wa Kiswahili. Hati ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728, lakini hakuna mtaalamu adaiye kwamba ushairi wa Kiswahili ulizaliwa mwaka huo. Ufundi wa vina na mizani uliomo mle watuonyesha kuwa nyuma yake pana vizazi vya watunzi ambao hatuna karatasi zao. Kwa nini basi hati iwe ushahidi wa yaliyotangulia, na santuri iwe mpaka wake?

Na ushahidi mwingine upo karibu zaidi. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Kwa miaka hiyo nchi nzima iliwekwa katika hali ya Songea: santuri ya Nairobi ikawa mbali. Je, muziki ulikoma? Hasha. Mlimani Park iliundwa mwaka 1978, ikawa miongoni mwa bendi zipendwazo kuliko zote, na kazi zake nyingi zilinaswa katika tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi hiyo ilikua katika miaka ile ile ambayo njia ya santuri ilikuwa imefungwa. Hapa hoja yakamilika: uchache wa santuri wapima barabara, mipaka na mitambo, haupimi kipawa.

Hata hivyo haitoshi kulaumu. Santuri hukaa, lakini mzee hakai. Waliocheza dansi Songea kabla ya Uhuru wa 1961 sasa ni wachache mno, na kila mmoja afapo huondoka na orodha ya bendi, kumbi na nyimbo ambayo haimo katika maktaba yoyote. Wanaisimu tumezoea kwenda vijijini kukusanya misamiati na methali. Ni kazi ile ile, kwa daftari lile lile, kuuliza pia: nani alikufundisha gitaa, mlipiga wapi, mliitana nani, wimbo ulikwishaje? Majibu hayo yakikusanywa, tutakapoisikiliza tena santuri tutajua imebeba nini, na imeacha nini njiani.