Droni ndogo na mita za mwisho

Tarehe 1 Juni 2025 Ukraine ilishambulia viwanja vya ndege za kivita vya Urusi kwa droni 117. Kimojawapo kilikuwa Belaya, mkoani Irkutsk, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraine. Wengi waliamini kwamba sasa droni ya bei nafuu inafika popote. Haikufika yenyewe. Ilibebwa na lori hadi karibu na uwanja, ikiwa imefichwa kwenye paa la kibanda cha mbao, kisha ikaongozwa kupitia mtandao wa simu wa Urusi. Maandalizi, kwa maelezo ya Rais Volodymyr Zelensky, yalichukua mwaka mmoja, miezi sita na siku tisa.

Isingewezekana vinginevyo. Droni hizi, ambazo rubani huvaa miwani na kuona kinachoonwa na kamera, zimetokana na droni za mashindano: mota nne, betri ya lithiamu, redio. Kwa kawaida hubeba kilo moja hadi tatu za mlipuko na kwenda kilomita 10 hadi 20. Mzigo ukiongezeka, umbali unapungua, na baridi kali humaliza betri mapema.

Lakini kikwazo kikubwa ni redio. Droni ikiwa juu, rubani anaona vizuri. Ikishuka kuelekea handaki au kifaru kilichojificha mitini, kilima na miti huziba mawimbi, na picha hukatika sekunde zile zile anapoihitaji kuliko wakati wowote. Hapo ndipo mtambo wa kuvuruga mawasiliano unapopata nafasi yake. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Chukua mtambo uliofungwa juu ya kifaru, mita 100 kutoka kwenye droni, na rubani aliye kilomita 10 nyuma. Umbali wa rubani ni mara 100. Kwa hiyo, nguvu ya kurushia ikiwa sawa, amri yake huifikia droni ikiwa dhaifu mara 10,000 kuliko kelele za mtambo. Hata rubani hodari hawezi kuishinda hesabu hiyo.

Taasisi ya RUSI ya Uingereza iliandika Februari 2025 kwamba asilimia 60 hadi 80 ya droni hizi za Ukraine hazifikii shabaha. Ripoti hiyo hiyo inasema droni za uwanja wa vita ndizo zinazosababisha asilimia 60 hadi 70 ya zana za Urusi zinazoharibiwa. Kauli hizo hazipingani: droni ni rahisi, hivyo hurushwa nyingine, na nyingine tena. Ila kila moja inataka rubani wake na chaneli yake ya video, na chaneli ni chache. Vikosi jirani hulazimika kupeana zamu.

Tangu 2024 Urusi, na baadaye Ukraine, zimekuwa zikitumia droni zinazovuta uzi wa faiba. Uzi hauvurugwi, na picha hubaki safi hadi mwisho. Lakini bobini ya uzi ni nzito, inakula nafasi ya mlipuko, na uzi wenyewe hunasa mitini.

Kombora la mzinga wa milimita 155 lina uzito wa kilo 40 na zaidi, halihitaji picha, wala halizuiwi na ukungu. Droni ndogo haijachukua nafasi yake, na jeshi linalopunguza mizinga ili kununua droni linakosea.